Kilomita 6,371 Kwenda Chini

Haya wanangu, sogeeni. Karibu kila mtoto amewahi kuchimba shimo akitaka kutokea upande wa pili wa dunia. Huanza na kijiti, akipata jembe hushika jembe, mpaka mama atoke nje aulize nani kaharibu uwanja. Msiwacheke watoto hao. Watu wazima nao walijaribu, tena kwa fedha za serikali.

Mwaka 1970, kwenye rasi ya Kola, kaskazini kabisa mwa Urusi, wataalamu wa Kisovieti walianza kutoboa ardhi. Hawakutafuta mafuta wala dhahabu. Walitaka tu kujua huko chini kuna nini. Shimo lenyewe lilikuwa jembamba, upana wake sentimita 23 hivi, hata ndoo ya maji haiingii. Walitoboa mwaka baada ya mwaka, na ilipofika 1989 walikuwa wamekwenda mita 12,262. Hapo mwamba ukawashinda. Walitarajia joto la nyuzi 100, wakakuta 180, na jiwe lilikuwa limelainika kwa joto hata kila wakichomoa keekee tundu linataka kujifunga lenyewe. Mradi ukaachwa. Leo pamebaki kifuniko cha chuma chenye kutu, kimekazwa kwa nati.

Sasa pigeni hesabu. Kutoka hapa mlipokaa hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Wale mabwana, kwa jasho la karibu miaka ishirini, walikwenda 12 na ushei. Hata sehemu moja ya mia tano hawakuifikia.

“Basi tumejuaje yaliyo huko?” Hilo ndilo swali. Hakuna aliyeona. Watu wamesikia.

Mwangalieni mama anayenunua nazi sokoni. Hawezi kuipasua kwanza ndipo alipe, muuzaji atamfukuza. Huiweka sikioni, akaitikisa, akasikiliza maji yanavyocheza ndani, na kwa mlio huo akajua achukue ipi na aache ipi. Wataalamu wa miamba hufanya vivyo hivyo, isipokuwa dunia hawana nguvu ya kuitikisa. Husubiri ijitikise yenyewe, yaani husubiri tetemeko la ardhi.

Tetemeko kubwa linapotokea, mawimbi husambaa ndani ya dunia pande zote, na yako ya namna mbili. Wimbi la kwanza husukuma mwamba mbele na kuuvuta nyuma. Lina mbio, na hupita popote, penye jiwe na penye kimiminika. La pili huutikisa mwamba ubavuni. Hili huchelewa, tena lina udhaifu mmoja: likikuta kimiminika, linakoma papo hapo. Udhaifu huo muuweke akilini, maana ndio uliofichua siri.

Mwaka 1909 tetemeko lilipiga karibu na mji wa Zagreb, huko Kroatia. Bwana mmoja wa hapo, Andrija Mohorovičić, alipozikagua karatasi za mashine za kupimia matetemeko aliona jambo la ajabu. Kwenye vituo vya mbali, mawimbi yaliyozunguka kwa chini yalifika mapema kuliko yale yaliyokata njia fupi ya juu. Kwa nini? Kwa sababu huko chini kuna mwamba wa aina nyingine, mzito zaidi, ambamo wimbi hukimbia kwa kasi. Kumbe tabaka tunalokanyaga lina mwisho wake! Tabaka hilo huitwa ganda. Chini ya mabara lina unene wa kilomita 30 hadi 50 hivi, penye milima mikubwa huzidi, na chini ya bahari ni 7 tu au karibu yake. Mbuga, maziwa, migodi yote mnayoisikia, vyote vimo ndani ya ganda. Hata shimo la Kola halikulitoboa likatokea chini.

Chini ya ganda kuna koti, nalo linakwenda hadi kina cha kilomita 2,890. Na hapa nina ugomvi na picha za vitabuni. Wachoraji hulipaka rangi nyekundu na ya machungwa, hata mtoto akadhani tunaelea juu ya bahari ya moto. Sivyo. Koti ni mwamba, tena mgumu, na ushahidi ni lile wimbi la pili: linapita humo bila shida, na lingekuwa kimiminika lisingepita. Ajabu ya mwamba huu ni kwamba, kwa joto na mgandamizo uliopo, unasogea ingawa haujayeyuka. Mwendo wake ni sentimita chache kwa mwaka. Unayeyuka mahali pachache tu, na kwa kiasi kidogo.

Mahali hapo pachache ni pamoja na kwetu. Chini ya Bonde la Ufa, mwamba wa moto wa koti unapanda, uzito unaoukandamiza unapungua, na sehemu yake inayeyuka. Ndiyo maana bondeni kuna volkeno. Mojawapo ni Ol Doinyo Lengai, kusini ya Ziwa Natron, mlima ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu. Volkeno nyingine zinazotoa lava leo duniani hutoa mawe yaliyoyeyuka kwa nyuzi 700 hadi 1,200. Lengai hutoa lava ya peke yake, ya jamii ya magadi, yenye nyuzi 500 na kitu. Ni nyepesi na inatiririka upesi. Mchana inaonekana nyeusi, usiku ndipo wekundu wake unapodhihiri kidogo, kisha ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Mtu akiutazama mlima kwa mbali anaweza kudhani una theluji.

Koti limetuletea na zawadi nyingine. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Almasi haziumbiki kwenye ganda la kawaida. Nyingi huumbika kilomita 150 chini au zaidi, na zilipandishwa juu na mlipuko wa zamani sana uliopenya kutoka kwenye koti. Kwa hiyo kito kilicho kidoleni mwa bibi harusi kimewahi kukaa mahali ambapo hakuna keekee iliyofika.

Tushuke tena. Mwaka 1906 Richard Oldham alionyesha kwamba katikati ya dunia kuna kiini, na mwaka 1913 Beno Gutenberg akakadiria kina kinapoanzia, karibu kilomita 2,900. Wimbi la pili halikivuki kiini hicho. Basi ni kimiminika: chuma kilichoyeyuka, na nikeli ndani yake. Watu wakaridhika, hadithi ikaonekana imekwisha.

Hakuridhika Inge Lehmann. Huyu alikuwa mwanamke wa Denmark, aliyesoma utotoni katika shule ambayo wavulana walifundishwa kushona na wasichana walicheza mpira, jambo la nadra siku zile. Mwaka 1929 tetemeko kubwa lilipiga New Zealand. Wakati huo ilijulikana kwamba kuna eneo la dunia ambako mawimbi ya kwanza hayafiki, kwa kuwa kiini huyapinda yakaenda kwingine. Lakini vituo vya Sverdlovsk na Irkutsk, huko Urusi, vilikuwa vimeandika mawimbi madogo ambayo hayakupaswa kuwapo. Wengine waliyapuuza. Lehmann aliandika saa na dakika kwenye kadi, akazipanga kadi ndani ya maboksi ya shayiri ya uji. Ndugu yake alikumbuka kumwona Jumapili moja bustanini, ameketi mbele ya meza kubwa iliyojaa maboksi hayo. Kompyuta hazikuwapo, kila hesabu aliifanya kwa mkono. Mwaka 1936 akatoa jibu: ndani ya kile kiini kuna kiini kingine, na mawimbi yale madogo yaligonga huko yakarudishwa. Makala yake ilikuwa na kichwa cha herufi moja tu, P, na kialama pembeni. Aliishi hadi 1993, akiwa na miaka 104.

Kiini hicho cha ndani ni tufe gumu, kutoka katikati hadi ukingoni ni kilomita 1,220 hivi. Joto lake linazidi nyuzi 5,000. “Sasa mbona hakiyeyuki?” Kwa sababu kimebanwa. Uzito wote ulio juu unakikandamiza kwa mgandamizo unaozidi mara milioni tatu ule wa hewa tunayovuta, na chuma kilichobanwa hivyo hakina nafasi ya kuyeyuka. Nje yake, chuma cha kimiminika kinazunguka, kikipanda na kushuka, na mwendo huo ndio unaoipa dunia usumaku. Nahodha wa jahazi aliyetazama dira usiku akielekea Unguja aliongozwa na chuma kilicho kilomita elfu tatu chini ya maji.

Usikilizaji bado unaendelea, na masikio mengine yako huku kwetu. Kuna mashine Kilima Mbogo, Kenya, na nyingine Mbarara, Uganda. Tetemeko kubwa likipiga Tonga, kwenye bahari ya Pasifiki, mawimbi yake hukata njia katikati ya dunia, mengine yakipita ndani ya tufe la Lehmann, na kwa dakika 20 hivi sindano za huku zimeshapata habari.