Watu 900 Waliingia, Hakuna Aliyenunua

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuambiane ukweli kuhusu hizi njia za kujaza watu kwenye tovuti.

Mwaka jana nilimlipa jamaa 40,000 aniletee watu kwenye tovuti yangu ya mikoba. Kweli, ndani ya siku 2 wakaingia 900. Nikafurahi, nikaongeza mzigo. Oda? Sifuri. Kumbe zilikuwa roboti, zinafungua ukurasa na kutoka. Na ile hela nilikuwa nimeitoa kwenye kodi ya fremu.

Tangu hapo naziona hivi:

1. Wafuasi wa kununua: achana nao. Namba inapanda, mauzo yamelala.

2. Kumwaga linki kwenye magrupu ya WhatsApp: unachosha watu, mwisho unatolewa.

3. Linki kwenye maelezo ya posti ya Instagram: kwa wengi wetu haibonyezeki. Iweke kwenye bio.

4. Brodikasti ya WhatsApp: inasaidia, ila inamfikia aliyesevu namba yako tu. Kila anayenunua, mwombe akusevu.

5. Tangazo la kulipia: siyo baya, ila anza na hela ambayo hata ikipotea duka halifungwi.

Utajuaje ipi inakufaa? Kila mteja muulize, "Umenipata wapi?" Andika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi hesabu walionunua, siyo waliopita. Daftari langu linasema wengi wanatoka stetasi na kuambiwa na mteja mwenzao. Zote bure.

Wewe ni njia gani ilikula hela yako? Andika kwenye komenti, mwenzako asiingie mkenge.