Je, Wajua? Adabu ya kuishi na roboti

Roboti zenye kichwa, mikono na macho zimeshaanza kazi Afrika Mashariki na jirani zake. Mkulima wa korosho wa Milola, mkoani Lindi, anaweza kukutana nazo siku atakapompeleka mgonjwa hospitali ya mbali. Haya ni ya kujua mapema.

Je, wajua kwamba mwaka 2013 roboti za alumini, ndefu kuliko mtu, zilianza kuongoza magari kwenye makutano ya barabara jijini Kinshasa? Zilibuniwa na mhandisi Mkongo, Thérèse Izay Kirongozi. Zilitumia umeme wa jua na zilikuwa na kamera. Dereva aliyezitii alimlinda mtu aliyevuka barabara.

Je, wajua kwamba Mei 2020 Rwanda ilipokea roboti tano za kupambana na UVIKO-19, zikapewa majina kama Ikizere na Urumuri? Zilipima joto la mwili na kuwapelekea wagonjwa dawa, ili wauguzi wasiambukizwe. Anayeizuia roboti ya namna hiyo kwa mchezo anamchelewesha mgonjwa.

Je, wajua kwamba watoto huzisumbua roboti? Watafiti wa Japani waliiacha roboti itembee katika jengo la maduka mjini Osaka. Watoto wakaifungia njia, wakaitukana, wengine wakaipiga. Mwaka 2015 watafiti hao walieleza dawa waliyoipata: roboti ilifundishwa kuwakimbia watoto na kusogea karibu na watu warefu. Mtu mzima akiwapo, watoto hutulia. Malezi yanaanzia hapo.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo, mjini Yokosuka, Japani, mlevi alikamatwa kwa kuipiga teke roboti ya dukani? Kosa lake lilikuwa kuharibu mali. Roboti ina mwenyewe, na ukiivunja utailipa.

Je, wajua kwamba kuna roboti ndogo iitwayo Pleo, iliyoundwa kwa umbo la mtoto wa dinosaria wa shingo ndefu, jamii ya dinosaria wetu aliyechimbuliwa Tendaguru, Lindi? Mwaka 2013, mjini Geneva, mtafiti Kate Darling aliwapa watu Pleo wazichezee, kisha akawataka wazivunje. Walikataa. Ilibidi waambiwe zote zitavunjwa ndipo mmoja akakubali kuivunja moja ili kuziokoa nyingine. Walijua fika kwamba hazina uhai, lakini huruma iliwashika. Huruma hiyo si ujinga. Ndiyo inayotuzuia kumtesa punda au paka.

Je, wajua kwamba huko Japani mbwa wa roboti waitwao Aibo wamefanyiwa ibada ya kuagwa hekaluni? Kampuni ya Sony iliacha kutengeneza wale wa awali mwaka 2006, vipuri vikaadimika. Mzee anayeishi peke yake anaweza kupenda mashine kwa dhati. Tusimcheke. Twende tukamjulie hali.

Je, wajua kwamba Oktoba 2017 Saudi Arabia ilitangaza kuipa uraia roboti Sophia, na kwamba Mei 2019 Sophia ilifika Kigali? Inajibu maswali kwa programu. Haina njaa, wala haina mtoto wa kumwogopea. Shikamoo tuwape wazee wetu, na haki tuwatimizie kwanza watu, akiwemo mtumishi wa ndani asiyelipwa kwa wakati.

Je, wajua kwamba macho ya roboti mara nyingi ni kamera, na masikio yake ni maikrofoni? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Uliza picha na sauti yako vinahifadhiwa na nani, kwa kazi gani. Siri ya nyumba usiimwage mbele ya roboti.

Je, wajua kwamba hofu ya roboti kuwaangamiza watu ina zaidi ya miaka 100? Ilikuwamo katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920. Kusini mwa Tanzania, kwa wachongaji wa mpingo, jibu lipo: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Roboti ikikosea, tumwulize aliyeitengeneza na aliyeiweka kazini.

Basi tushike haya: usiipige, usiizuie ikiwa kazini, usiabudu maneno yake. Mtoto akiuliza kama inaumia, mwambie kweli kwamba haiumii. Kisha mwambie aiache ifanye kazi yake, kwa kuwa kuna mgonjwa anayeisubiri.