Maandishi Ndani ya Kompyuta (2): Kuondoa Yasiyotakiwa Mwanzoni

Juma lililopita tuliona kwamba kompyuta husoma maandishi alama kwa alama, bila kujua yanamhusu nani. Leo tuchukue daftari la mnunuzi wa maharage wa Kasugho, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Namba ya simu ya mkulima mmoja imeandikwa 0997 pamoja na tarakimu sita, mara nyingine +243997, mara nyingine 00243997. Mnunuzi anamtambua, kompyuta inahesabu watu watatu. Sifuri ya mwanzo ni ya kupigiana ndani ya nchi, 243 ni ya Kongo, na namba yenyewe ni tarakimu tisa tu.

Ili kuondoa kiambishi hicho cha mwanzo, wanaojifunza lugha ya programu ya Python hukimbilia amri ya lstrip, wakiipa "+243". Amri hiyo haitafuti +243 kama kitu kizima. Hufuta kila alama ya mwanzo iliyomo kati ya hizo nne, kwa mpangilio wowote, hadi ikutane na ngeni. Kwa simu za mkononi za Kongo inafaulu, kwa kuwa baada ya 243 hufuata 8 au 9. Mafanikio hayo ndiyo yanayodanganya. Itumie amri hiyohiyo, ikiwa na "+257", kwa namba ya mfanyabiashara wa Burundi inayoanza na +25779: saba ya namba yake nayo italiwa, na programu haitasema neno. Malipo yake hayatamfikia.

Tangu toleo la 3.9, la Oktoba 2020, Python ina removeprefix, inayoondoa kiambishi kizima au isiguse chochote. Lakini utaratibu una uzito wake. Nafasi tupu ziondolewe kwanza, maana nafasi moja tu mbele ya +243 inatosha kukificha kiambishi. Kisha ujaribu 00243, halafu +243, halafu 243, na sifuri moja iwe ya mwisho. Ukianza na sifuri, 00243 itabaki 0243.

Wala si kila sifuri ni takataka. Wanaoandika kumbukumbu za sokwe aina ya gorila wa hifadhi ya Tayna wakiviita vituo viwili 07 na 007, kuzifuta sifuri ni kuchanganya sehemu mbili za msitu, na kosa hilo halirekebishiki daftari la awali likishatupwa. Kwa hiyo namba asilia ibaki katika safu yake, iliyosafishwa iwekwe kando yake, na kila namba ya Kongo isiyofikisha au inayozidi tarakimu tisa ipelekwe kwa mtu aitazame.