Doa lisilotoka: marumaru ya msikiti iliyoliwa na asidi

Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, baada ya sala ya Alasiri, vijana wanane wa msikiti wetu walijitolea kuosha ukumbi wa mbele ili Ramadhani iikute nyumba ya Allah (SW) ikiwa safi. Walikuja na ndoo, mafagio na chupa nne za dawa ya kusafishia vyoo, walizozinunua kwa fedha zao wenyewe. Waliimwaga, wakaiacha kidogo kama maelezo ya chupa yalivyosema, na walipoona povu dogo likipanda wakafurahi, wakidhani ni uchafu unatoka. Wakasugua, wakasuuza. Ilipoadhiniwa Magharibi sakafu ilikuwa bado imelowa, inang'aa, na wazee wakawaombea dua.

Alfajiri ilipokauka, ukumbi ulikuwa umejaa mabaka na michirizi iliyofifia, mithili ya kioo kilichopuliziwa pumzi. Vijana wakadhani hawakusuuza vizuri. Wakaongeza dawa.

Marumaru ile, nyeupe yenye mishipa ya kijivu, ni wakfu. Familia moja ya mtaani kwetu iliitandika kwa ajili ya mama yao aliyetangulia mbele ya haki, iwe sadaka yenye kuendelea kwake. Binti yake husali nasi hadi leo. Siku ile ya Jumamosi alisimama mlangoni, akatazama, akaondoka bila kutuuliza neno, na ukimya ule ulituumiza kuliko ambavyo lawama ingetuumiza.

Nimefikiri sana juu ya chanzo cha kosa hili, na nadhani sehemu yake kubwa imo katika neno. Siku hizi tunaita marumaru kila kigae cha sakafuni. Vigae vya kiwandani, vilivyochomwa kwa udongo na kupakwa ngozi ngumu mfano wa kioo, tunaviita marumaru. Jiwe lililokatwa mlimani na kusuguliwa hadi likang'aa, nalo tunaliita marumaru. Kijana aliyezoea kuosha vigae vya bafuni kwao kwa dawa ya choo bila madhara atajuaje kwamba hili ni jina moja la vitu viwili?

Marumaru ya asili ni ndugu wa chokaa. Sehemu yake kubwa ni kalisi kabonati, madini yale yale yaliyomo katika matumbawe waliyojengea wazee wetu misikiti ya pwani. Asidi ikiligusa jiwe hili huliyeyusha, na hewa ya kaboni dioksidi ikatoka. Ndilo lile povu. Dawa nyingi za vyoo zina asidi kali, mara nyingi ya haidrokloriki. Siki, ndimu, ukwaju na vinywaji vya soda vina asidi hafifu zaidi, lakini kazi ni ile ile, tofauti ni muda tu. Terazo, ambayo ndiyo sakafu ya misikiti yetu mingi, imo hatarini vilevile, kwa kuwa ni vipande vya marumaru vilivyoshikwa kwa saruji. Itale, ambayo mafundi huiita graniti, ni jiwe la ukoo mwingine na huvumilia zaidi.

Mkandarasi wa kwanza tuliyemwita alitazama akiwa amesimama, akasema sakafu imekufa, ing'olewe yote iwekwe vigae vya kiwandani. Bei aliyotaja ingemeza mfuko wa futari wa mwezi mzima na bado tungedaiwa. Baadhi ya wanakamati walikuwa tayari kukubali.

Aliyetuzuia ni mzee mmoja, fundi wa terazo wa zamani, ambaye hakuitwa na mtu. Alikuja kusali Adhuhuri, akapiga magoti ukumbini, akalaza shavu karibu na sakafu akiangalia mwanga wa dirishani. Kisha akalowesha kidole na kukipitisha juu ya baka moja. Baka likatoweka, jiwe likang'aa. Maji yalipokauka, likarudi. "Wanangu," akasema, "mnasugua taka ambayo haipo. Hili jiwe limeliwa."

Doa ni kitu kilichoongezeka: chai, mafuta au kutu iliyoingia ndani ya vinyweleo vya jiwe, na kwa kawaida hulifanya lionekane jeusi zaidi. Kilichoongezeka kinaweza kunyonywa kitoke. Kule Agra, India, wahifadhi wa Taj Mahal hupaka udongo laini juu ya marumaru iliyogeuka manjano, wakauacha ukauke na kunyonya uchafu, kisha wakauosha. Lakini baka la asidi ni kitu kilichopungua. Ule uso laini uliorudisha mwanga umeondoka, kumebaki uso wenye vishimo vidogo mno visivyoonekana, unaotawanya mwanga. Maji yakivijaza, macho hudanganyika. Ndiyo maana Magharibi ile sote tuliona sakafu imependeza. Na ndiyo maana hakuna sabuni wala dawa itakayoliondoa baka hilo. Lazima uso mpya usuguliwe kutoka katika jiwe lile lile.

Kabla ya kazi ilibidi tulijibu swali la dhamana. Mwanakamati mmoja alitaka vijana wapigwe marufuku. Imamu akamkumbusha kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim, cha bedui aliyekojoa msikitini: Mtume (SAW) aliwazuia masahaba wasimkatize, akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale, akawaambia kwamba wametumwa kurahisisha. Lakini imamu hakuishia hapo. Alisema wanachuoni wametenganisha dhambi na dhamana: aliyekosea bila kukusudia hana dhambi, ila mali aliyoiharibu bado inadai haki yake. Na wakfu hauna mtu wa kuusamehe. Sisi wanakamati ni wasimamizi tu. Kisha akatugeukia na kuuliza: mlipowakabidhi vijana ufunguo, mliwaeleza nini? Mimi ndiye katibu, na ufunguo ulitoka mkononi mwangu. Sikuwa nimeeleza chochote.

Tukakubaliana kwamba vijana watatoa nguvu zao, na wanakamati tutanunua vifaa kutoka mifukoni mwetu, si katika mfuko wa msikiti. Gharama yote haikufika robo ya bei ya mkandarasi.

Mzee alitufundisha kwanza kupima kwa ukucha. Pale ukucha ulipoteleza bila kukwama, jeraha lilikuwa jepesi. Hapo tulitumia unga wa kung'arishia wenye oksidi ya bati, tukaukoroga kwa maji hadi ukawa kama uji mzito, tukausugua kwa pedi ya manyoya iliyofungwa kwenye mashine ya mwendo wa taratibu, mpaka uji ulipoanza kukauka na jiwe kushika mng'ao. Pale ukucha ulipokwaruza, tulianza na pedi za almasi, yaani visahani laini vyenye chembe za almasi: namba 400, kisha 800, kisha 1500, kisha 3000, na mwisho unga. Kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Kijana mmoja aliruka kutoka 400 hadi 3000 ili awahi, akapata mng'ao uliojaa mikwaruzo, na ikambidi arudi mwanzo akiwa na saumu yake.

Kati ya namba moja na nyingine sakafu huoshwa kabisa, maana chembe moja nene iliyosalia itachora mstari mpya. Maji hutumika wakati wote, yapoze pedi na kuzuia vumbi. Kwa kuwa maji na umeme si marafiki, waya ulipitishwa begani, mashine ikiwa na waya wa ardhi na mtu akiwa karibu na swichi. Usugue eneo pana kuliko baka lenyewe, usije ukachimba kishimo mahali pamoja.

Tulifanya kazi asubuhi za Jumamosi na Jumapili kwa wiki tatu.

Kwa walio na jiwe hili majumbani, jikoni au sebuleni: ukitaka kujua kama ni marumaru ya asili, dondosha tone la siki mahali pa kificho, nyuma ya mlango. Likitoa vipovu au kuacha alama iliyofifia, umejua. Oshea maji na sabuni nyepesi isiyo na asidi. Juisi au mchuzi ukimwagika, nyonya kwa kitambaa mara moja, kisha suuza kwa maji mengi. Usipake nta ili kuficha, kwani huteleza, na wazee wetu wana nyonga dhaifu. Dawa ya kuziba vinyweleo ambayo wauzaji husifu huzuia madoa, haizuii asidi kula jiwe. Na jambo moja linalohusu roho, si sakafu: dawa ya choo yenye asidi isichanganywe kamwe na dawa yenye klorini tunayong'arishia nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu zetu ni finyu.

Futari ya ukumbini haikukatazwa. Sasa hutandikwa mkeka wa plastiki chini ya majagi ya ukwaju, na stoo ina sabuni ya aina moja tu.

Yule binti alikuja Jumapili ya mwisho. Alivua viatu, akatembea polepole hadi kibla, akarudi. Karibu na nguzo ya tatu kuna baka la ukubwa wa kiganja ambalo mzee alikataa kuliendeleza. Jiwe limeliwa sana hapo, na kulisawazisha kungeacha bonde la kutuamisha maji. Tulimwambia tutalifunika kwa busati. Akasema liachwe wazi.

Limeachwa. Kijana mpya anapojiunga na kundi la usafi, wenzake humpeleka kwenye nguzo ya tatu, akapitisha kiganja juu ya baka lile, ndipo nimkabidhi ufunguo wa stoo.