Je, Wajua? Kazi Iliyofichika ya Ekzosi

Je, wajua ya kuwa ekzosi ya pikipiki, ambayo baadhi ya waendesha bodaboda, wa Igogo jijini Mwanza na wa kwingineko, huikata kipande cha katikati na kutia kingine kipana ili ngurumo yake ivume hadi kwenye majabali, haikuwekwa kwa ajili ya kutoa moshi peke yake? Kila vali ya moshi inapofunguka, wimbi la shinikizo hukimbia ndani ya bomba, na lifikapo mahali bomba linapopanuka ghafula, sehemu yake hurejea kuelekea injini hali imegeuka kuwa mvuto, nao mvuto huo, ukiwasili kwa wakati wake, hufyonza mabaki ya moshi na kuikaribisha hewa safi. Basi urefu na upana wa kipande hicho vilipimwa kwa hesabu, na mwenye kuvibadili pasipo kipimo aghalabu huambulia kelele nyingi na nguvu haba, khasa apandapo kilima polepole na abiria mgongoni.

Kifaa cha kupunguza mlio wa ekzosi nacho si cha leo: ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipewa hataza yake mwaka 1897.

Nawe uliyeazimia kubadilisha, ngoja kwanza injini ipoe, tia gasketi mpya, uzikaze nati zote kwa mkono hadi bomba likae sawa, ndipo ushike spana.