Majengo ya Pumwani: Nyumba ni yangu, je, ardhi ni ya nani?

Msomaji, huenda umepita Pumwani mara nyingi bila kujua umepita wapi. Umekwenda Gikomba kuchagua nguo za mitumba, kisha ukaamua kuendelea kwa miguu hadi Eastleigh kutafuta mapazia. Katikati ya safari hiyo umeona mapaa ya mabati yenye kutu yaliyobanana, ukasikia adhana, ukamwona mama ameketi kibarazani na karai la mafuta mbele yake akikaanga viazi. Ukajisemea moyoni, "Kumbe hapa ndipo Majengo!" Ukakumbatia mkoba wako na kuongeza mwendo.

Hatukulaumu. Mtaa huu umechafuliwa jina kwa miaka mingi. Hata hivyo, nyumba njema si mlango, na wengi wetu hatujawahi kuufungua mlango wa Majengo tukaingia ndani. Lau tungeingia, tungegundua kwamba huu ni mmoja wa mitaa mikongwe kabisa ya Waafrika jijini Nairobi, na kwamba wenyeji wake ndio waliojijengea nyumba hizo kwa mikono yao. Tungegundua pia kwamba baada ya karibu miaka mia moja, wajukuu wa waliojenga bado wanauliza swali lile lile la babu na bibi zao: nyumba ni yangu, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya nani?

Ili uelewe uzito wa swali hilo, inafaa turudi nyuma kidogo.

Vijiji vilivyovunjwa

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Mahali palipokuwa kinamasi pakageuka mji ghafla, nao watu wakamiminika. Walikuwepo wapagazi wa misafara, askari waliomaliza kazi, wachuuzi kutoka pwani na wanawake waliotoroka shida za vijijini. Mji haukuwa na nyumba kwa ajili yao, kwa hiyo wakajijengea vijiji pembezoni. Vijiji hivyo viliitwa Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini na Kileleshwa. Naam, Kileleshwa! Jina ambalo leo ukilitaja watu hufikiria nyumba za matajiri, zamani lilikuwa la kijiji cha Waafrika wa kawaida.

Serikali ya kikoloni haikupendezwa na vijiji hivyo. Mwaka wa 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alipendekeza katika ripoti yake kwamba mji ugawanywe kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Waafrika kwao. Sababu iliyotolewa ilikuwa usafi na kuzuia maradhi kama tauni. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika alitengewa upande wa mashariki, ng'ambo ya mto, mbali na macho ya wakubwa.

Ndivyo Pumwani ilivyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Halmashauri ya mji ilipima viwanja na kuwaambia watu wajenge wenyewe. Vijiji vya zamani vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani ndiyo iliyokaidi muda mrefu zaidi. Ilisimama hadi mwisho wa miaka ya 1930, ndipo nayo ikabomolewa na watu wake kupelekwa katika nyumba mpya za halmashauri. Mtaa huo mpya uliitwa Shauri Moyo, na mpaka leo wazee husema jina hilo lilitokana na uchungu wa waliohamishwa: ukitaka nenda, hutaki, shauri la moyo wako.

Tazama basi tofauti iliyokuwepo. Shauri Moyo, Ziwani, Starehe na Kaloleni zilikuwa nyumba za halmashauri, na mkazi alikuwa mpangaji tu. Majengo yalikuwa ya wenyewe. Mwafrika alimiliki kuta, paa na mlango. Alichokosa ni ardhi, ambayo ilibaki ya halmashauri, naye akailipia ada ya kiwanja mwaka baada ya mwaka.

Nyumba ya Kiswahili jijini

Nyumba zilizojengwa zilifuata mtindo wa pwani. Fito zilisimamishwa, zikakandikwa udongo, kisha paa likaezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mabati yalikuja baadaye. Ukiingia mlango wa mbele ulikuta ujia mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na huko nyuma ua wenye jiko na bafu. Mbele ya nyumba kulikuwa na baraza ambapo watu waliketi jioni kupiga soga.

Mpango huo ulikuwa na hekima yake. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kukodisha vilivyobaki. Hivyo nyumba moja ilikuwa makazi, duka, na malipo ya uzeeni kwa mtu ambaye hakuna mwajiri angemlipa pensheni.

Ndani ya ua mmoja uliweza kuwakuta Mkikuyu, Mluo, Mkamba, Mganda na Mdigo, wote wakichota maji mfereji mmoja. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Si ajabu kwamba wataalamu wa lugha wanapotafuta chimbuko la Sheng hutazama mitaa hii ya Eastlands, ambako watoto wa makabila mbalimbali walikua pamoja.

Kina mama wenye nyumba

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya shule havisemi. Miongoni mwa wamiliki wa kwanza wa nyumba za Pangani na Pumwani walikuwemo wanawake wengi.

Fikiria hali ya mwanamke wa miaka hiyo. Nyumbani kwao hakurithi shamba. Akiachwa na mumewe, au akiwa mjane, au tasa, alirudi kwa kaka zake akiwa mgeni. Nairobi ilimpa njia nyingine. Wapo waliouza uji na maandazi, wapo waliopika pombe, na wapo waliouza miili yao. Ukweli huo haufichiki, na mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kizima mwaka wa 1990. Lakini usiishie hapo, msomaji. Jiulize fedha hizo zilifanya nini. Shilingi kwa shilingi, wanawake hao walijenga nyumba, wakawasaidia wazazi mashambani, na wakawalea watoto ambao hawakuwazaa.

Wengi wao walisilimu. Uislamu uliwapa jamaa mpya, majina mapya, na jirani wa kuwaosha na kuwazika siku ya mauti. Aidha, ulimpa mwanamke fungu katika mirathi, jambo ambalo mila za kwao zilimnyima. Ndiyo sababu hadi leo Majengo ni ngome ya Waislamu katikati ya Nairobi, na Msikiti wa Riyadha ni moyo wa mtaa.

Mtaa uliotoa zaidi ya ulichopokea

Ni Mkenya gani asiyejua Hospitali ya Pumwani? Hospitali hii ya kina mama ilianza mwaka wa 1926 ikiwa na jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati ule. Wakazi wa Nairobi wasiohesabika walilia kilio chao cha kwanza hapo. Pengine hata wewe unayesoma ukurasa huu.

Mwaka wa 1954, tarehe 24 Aprili, majeshi ya Uingereza yalizingira jiji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mitaa ya Eastlands ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa kizuizini. Vyumba vingi vilibaki vitupu.

Kuanzia mwaka wa 1985, Majengo yaliingia katika vitabu vya tiba duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Canada, waliwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono mtaani humo. Wakagundua kwamba wachache miongoni mwao hawakuambukizwa virusi vya ukimwi ingawa walikumbana navyo mara kwa mara. Kutokana na damu ya wanawake hao, sayansi ilijifunza mengi kuhusu kinga ya mwili. Chanjo iliyojaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msingi wa ujuzi huo haikufaulu, lakini mchango wao haufutiki. Swali ni je, mtaa uliopeleka ujuzi hivyo duniani umerudishiwa nini?

Usiache mbachao

Leo ukitembea Majengo utaona mambo mawili yakisukumana. Upande mmoja zipo nyumba za udongo zilizochoka, kuta zimepasuka, vyumba vimegawanywa kwa mbao na pazia. Upande wa pili magorofa yanapanda. Gikomba inazidi kupanuka, mizigo na mikokoteni imejaa njiani, na moto ni adui asiyekwisha. Mwezi Juni 2018 moto wa Gikomba uliua watu 15.

Hakuna anayetaka kuishi katika nyumba inayovuja na choo cha foleni. Wenye kusema kwamba Majengo yabaki vivyo hivyo kama makumbusho hawalali humo wakati wa masika. Ndiyo maana kila serikali imekuja na mipango ya kubomoa na kujenga upya, na kwa juujuu mipango hiyo inapendeza.

Lakini hebu tupige hesabu ya nyumbani. Chukua bibi mwenye nyumba ya vyumba vinane. Chumba kimoja analala, saba vinamlipa kodi. Sasa mwambie kwamba nyumba itabomolewa, naye atapewa fleti moja ya kulipia kila mwezi. Atakuwa na sinki na umeme, ni kweli. Lakini ile kodi iliyomlisha imekwisha, na badala yake ana deni. Wale wapangaji wake saba, ambao hakuna aliyewahesabu, wataenda wapi? Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Historia nayo haisahau. Mwaka wa 2020 mtaa wa zamani wa halmashauri ulioitwa Pangani, ambao ulirithi jina la kijiji kile, ulianza kujengwa upya chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Familia 48 zililipwa ili zihame kwa muda na kuahidiwa nyumba mpya. Walitofautiana na watu wa Pangani ya miaka ya 1930 kwa jambo moja kubwa: idadi yao ilijulikana, majina yao yaliandikwa, na kulikuwa na makubaliano ya kushika mkononi.

Ufanye nini?

Hapo ndipo penye funzo, si kwa watu wa Majengo peke yao bali kwa yeyote mwenye nyumba juu ya ardhi isiyo na hatimiliki.

Kwanza, tunza karatasi. Risiti za ada ya kiwanja, barua za halmashauri, hata zile zilizoliwa na mende tangu enzi za bibi, ni ushahidi. Zitolee nakala na umpe mtu mwingine akuwekee.

Pili, malizeni mambo ya mirathi mkiwa hai na mkiwa na amani. Nyumba nyingi zimepotea kwa sababu ndugu waligombana huku jina kwenye karatasi likiwa la marehemu. Kwa Waislamu, mahakama ya kadhi ipo kwa kazi hiyo.

Tatu, jua haki yako. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Aidha, sheria ya ardhi ilivyorekebishwa mwaka wa 2016 inataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya watu kufurushwa. Notisi ya usiku mmoja si notisi.

Nne, wapangaji nao wahesabiwe. Mpango wowote unaomtambua mwenye nyumba na kumsahau mwenye chumba utazaa kibanda kipya mahali pengine.

Kisha kaa na wazee uwaulize. Waulize nani alikandika ukuta wa kwanza, nani alizikwa na majirani, nani alimlea nani. Andika majibu yao. Mwaka wa 1939 watu wa Pangani walihama na habari zao vichwani tu, na nyingi zilikwenda nao kaburini. Wa Majengo bado wapo, na siku ya kuzungumzia ardhi ikifika, daftari hilo litasaidia kueleza kwa nini wana haki ya kuketi mezani.