Mikwaruzo ya Makusudi

Injini ya dizeli ikifunguliwa baada ya miaka mingi ya kazi, mwenye gari hufurahi kuona kuta za silinda zinang'aa. Fundi anayejua kazi yake hafurahi. Mng'ao huo maana yake ni kwamba mistari myembamba iliyochorwa kiwandani imekwisha, na oili haina tena pa kukaa. Ringi mpya zikifungwa juu ya ukuta wa namna hiyo hazilali vizuri: injini itakula oili, itatoa moshi wa bluu, na gari litalemewa na kilima.

Dawa yake mafundi huiita honingi: kusugua silinda kwa mawe ya msasa yanayozunguka huku yakipandishwa na kushushwa. Mawe huacha mistari inayokatana mshazari, kama kindu za mkeka. Mabonde ya mistari hiyo hushika oili. Vilele vyake husagwa na ringi mpya katika saa za mwanzo za kazi, mpaka ringi na ukuta vizoeane.

Tatizo ni kwamba honingi hurekebisha uso wa silinda tu, umbo hailirekebishi. Silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapokomea kabla pistoni haijageuka kushuka, maana hapo joto na mgandamizo ni mkali na oili ni kidogo. Mawe ya kawaida yanayosukumwa na springi hulifuata umbo hilohilo, pana juu, finyu chini. Matokeo yake ni mistari mizuri ndani ya silinda mbovu. Jambo hili huniudhi kuliko yote katika gereji zetu: mteja anaonyeshwa mistari, analipa, na moshi unarudi baada ya muda mfupi.

Basi kipimo kitangulie. Geji ya silinda ndiyo chombo chenyewe, lakini fundi asiyekuwa nayo anaweza kutumia ringi. Aingize ringi moja chini kidogo ya ukingo wa juu, aisukume kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, kisha apime kwa fila geji pengo lililo kati ya ncha zake. Aishushe hadi karibu na mwisho wa chini, apime tena. Kipenyo kikizidi kwa milimita 0.1 tu, mzingo huzidi kwa milimita 0.3 na ushei, na ongezeko hilo lote hutokea kwenye pengo. Ulikaji usioonekana kwa macho unajitaja wenyewe. Ukipita kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini, mawe hayatasaidia; bloku ikachongwe na kufungwa pistoni za ovasaizi, au ibadilishwe slivu. Hata bloku iliyochongwa humalizwa kwa honingi.

Halafu kuna suala la pembe. Injini nyingi hutaka mistari ikatane kwa nyuzi 45 hivi, nyingine zaidi. Chukua 1HZ ya Land Cruiser, ambayo kipenyo cha silinda yake ni milimita 94. Drili inayozungusha mawe ikizunguka mara 200 kwa dakika, mkono unapaswa kusafiri kama sentimita 40 kila sekunde, yaani 20 kushuka na 20 kupanda. Ongeza mizunguko hadi 600, na mkono utatakiwa kushuka na kupanda mara tatu kwa sekunde. Hakuna awezaye. Ndiyo maana drili ya kasi huacha mistari iliyolala, inayobakiza oili nyingi ukutani ikaungua. Mistari iliyosimama mno nayo huiacha oili ichuruzike, ringi zikakauka.

Kuosha ni nusu ya kazi hii, na ndiko wengi wanakofanya haraka. Mawe huacha unga wa msasa na chuma ndani ya mabonde. Petroli na dizeli huondoa grisi tu. Unga hubaki, na injini ikiwaka huanza kuzila ringi mpya. Tumia maji ya moto, sabuni na brashi. Kisha futa ukuta kwa kitambaa cheupe chenye oili safi. Kikitoka na rangi ya kijivu, rudia kuosha. Kikitoka cheupe, paka oili papo hapo, kwa sababu chuma kilichotoka kusuguliwa hushika kutu upesi. Kwa sababu hiyohiyo ya unga, sioni busara ya kupiga mawe huku krenki ikiwa bado ndani ya bloku.

Baada ya kufungwa, injini isiachwe ikiunguruma kwa saa nyingi bila mzigo eti inalainishwa. Kinachoisukuma ringi ikaze ukutani ni mgandamizo wa gesi unaoingia nyuma yake, na bila mzigo mgandamizo huo ni mdogo. Oili huungua polepole, ikatandaza utando unaoziba mistari. Jenereta za akiba huumia sana kwa hili. Gari, likishapata joto, liendeshwe barabarani kwa kuongeza na kupunguza mwendo bila kulipigisha kelele. Jenereta ipewe mzigo wa kweli siku hiyohiyo. Oili ya kwanza na filta vibadilishwe mapema kuliko kawaida, maana chuma cha vile vilele vilivyosagwa kimo humo.